Tabora: Mzigo ndio unaochagua usafiri

MKULIMA wa karanga anayetaka kuingiza gunia moja sokoni Tabora mjini ana njia kadhaa za kulifikisha. Anaweza kulipunguza akabeba debe moja moja kichwani, kulifunga kwenye baiskeli, kuita bodaboda, au kusubiri wenzake wakodi kirikuu kwa pamoja. Ukimuuliza kwa nini amechagua njia hii na si ile, atakutajia nauli. Ukikaa naye mkapiga hesabu vizuri, mtagundua kuwa nauli ni kipande kimoja tu, tena huenda kisiwe kikubwa kuliko vyote.

Kinachoamua zaidi ni mzigo wenyewe: uzito wake, muda unaoweza kukaa bila kuharibika, msimu unaposafirishwa, na kama chombo kinachoupeleka mjini kitapata kitu cha kurudi nacho. Ndivyo ilivyokuwa pia zaidi ya miaka 150 iliyopita, Tabora ilipokuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na nchi za Ziwa Victoria.

Wapanga miji wengi huanza na mtu mwingine kabisa. Huyo hana mzigo, anatoka nyumbani asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni. Miaka ya 1970 mtaalamu Yacov Zahavi, katika kazi alizoifanyia Benki ya Dunia, alionyesha kwamba wakazi wa miji mbalimbali hutumia muda unaokaribiana katika safari za siku, yapata saa moja hivi. Wakipata chombo chenye kasi hawaokoi muda, bali wanakwenda mbali zaidi. Hoja hiyo ina mantiki, na hata Tabora inaonekana, maana pikipiki zilipoenea watu walianza kujenga mbali zaidi na katikati ya mji. Lakini mtu wa Zahavi hana gunia.

Mwenye gunia alichunguzwa kwa karibu hapa hapa nchini, katika Wilaya ya Makete ambayo wakati huo ilikuwa Mkoa wa Iringa. Mradi wa usafiri vijijini ulioanza huko miaka ya 1980 kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, uligundua jambo ambalo kila mwanamke wa kijijini alilijua tayari. Safari nyingi za kaya hazikuwa za kwenda mjini. Zilikuwa za miguu, kwenda kisimani, kuchanja kuni, kusaga na kutoa mazao shambani, na sehemu kubwa ya mizigo hiyo ilibebwa vichwani mwa wanawake. Barabara nzuri ya kwenda wilayani ilikuwa na faida yake, ila haikumwondolea mama ndoo ya maji.

Baiskeli bado haijashindwa

Manispaa ya Tabora ilikuwa na zaidi ya watu 300,000 katika sensa ya 2022. Hata hivyo ndani ya mipaka yake kuna kata za wakulima kama Misha, Ndevelwa na Ifucha, ambako mtu ni mkazi wa manispaa lakini anaamka na jembe. Huyu anaingia mjini mara kadhaa kwa wiki, na kila anapoingia anakuwa na kitu: mkungu wa ndizi, kuni, maembe wakati wa msimu, karanga, asali kwenye dumu, au michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani.

Ardhi ya Tabora ni tambarare, na hiyo ni sababu mojawapo ya baiskeli kuendelea kuonekana kwa wingi. Baiskeli aina ya Phoenix yenye keria imara nyuma hubeba magunia mawili ya mkaa ikiwa mwenyewe anaisukuma, na hubeba mtu na debe tatu ikiwa anaiendesha. Haihitaji petroli. Ikipata pancha, fundi yupo chini ya mwembe na vipande vyake vya tyubu kuukuu. Adui yake ni mchanga, kwani njia nyingi za pembeni zina mchanga laini ambao wakati wa kiangazi humlazimisha mwendeshaji kushuka. Mvua zikianza mwezi Novemba mchanga hushikana na njia huwa nzuri kwa muda, lakini mabonde hujaa maji na kwenye mbuga za udongo mweusi za upande wa Nzega na Igunga tope hunasa matairi.

Pikipiki ilikuja kwa sababu ya kasi, na imebaki kwa sababu inafika mlangoni. Jina la bodaboda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako vijana wa baiskeli walivusha abiria na bidhaa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Kwa Tanzania, kanuni za kuzipa leseni pikipiki na bajaji zinazobeba abiria zilitolewa mwaka 2010, chini ya iliyokuwa SUMATRA. Tangu mwaka 2019 kazi hiyo iko kwa LATRA. Kanuni zinataka dereva na abiria wavae kofia ngumu. Jinsi zinavyofuatwa kila msomaji anajionea mwenyewe barabarani.

Mfanyabiashara mdogo anapaswa kuelewa jinsi bodaboda anavyoishi, kwa sababu hapo ndipo bei ya safari yake inapopangwa. Vijana wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wapo wanaopeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na wapo waliochukua kwa mkataba, ambao hulipa kiasi fulani kwa siku au kwa wiki hadi chombo kiwe chao. Kwa vyovyote vile, dereva anaanza siku akiwa na deni. Akipelekwa kilomita 12 nje ya mji, mahali ambapo hatapata abiria wa kurudi naye, atadai nauli ya kwenda na kurudi hata kama mteja anakwenda tu. Huo si ulafi. Ni gharama ya kurudi bila mzigo, na mtu yeyote anayesafirisha kitu, kuanzia mwenye baiskeli hadi mwenye semi-trela, anaijua. Ndiyo maana mteja mwenye mzigo wa kwenda na mwingine wa kurudi, kwa mfano anayepeleka mahindi na kurudi na mbolea au sabuni za dukani kwake, ana nguvu ya kupatana kuliko mwenye mzigo wa upande mmoja.

Hesabu ya gunia moja

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi si bei za soko, ni za kujifunzia, na kila mtu anaweza kuweka zake. Mama anaishi kilomita 12 kutoka sokoni. Ana debe sita za karanga zenye maganda, sawa na gunia moja. Debe moja mjini linauzwa Sh2,000 zaidi ya bei anayopewa na mlanguzi anayekuja kijijini.

Akibeba kichwani, anapeleka debe moja na kupata Sh2,000 za ziada. Hakulipa nauli, lakini ametembea karibu saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Siku imekwisha.

Akitumia baiskeli ya nyumbani anapeleka debe tatu. Ziada ni Sh6,000. Akitenga Sh500 kwa ajili ya pancha na tairi linaloisha, anabaki na Sh5,500. Amerudi alasiri.

Akikodi bodaboda kwenda na kurudi kwa Sh8,000, gunia zima linafika. Ziada ni Sh12,000, ukitoa nauli anabaki na Sh4,000. Kwa macho ya haraka baiskeli imeshinda. Lakini saa nne asubuhi mama huyu ameshafika nyumbani na anaweza kuingia shambani. Kama ni wakati wa palizi, na kibarua wa kumpalilia nusu siku angemlipa Sh3,000, basi safari ya bodaboda imemwachia Sh7,000. Mwezi Agosti, shamba likiwa halina kazi, nusu siku ile haina thamani hiyo na baiskeli inashinda tena.

Kwa hiyo mtu yule yule, mwenye mzigo ule ule na barabara ile ile, anaweza kuchagua usafiri tofauti mwezi Januari na mwezi Agosti, na akawa sahihi mara zote mbili. Wanaomcheka kwamba ana baiskeli lakini analipa pikipiki hawajapiga hesabu.

Njia ya nne ni kuungana. Wakulima sita wakikodi kirikuu kwa Sh18,000, kila mmoja analipa Sh3,000 kwa gunia na kubaki na Sh9,000. Hakuna njia nyingine katika mfano huu inayofikia hapo. Hata hivyo ina matatizo yake mawili. La kwanza ni kusubiriana, kwa sababu mmoja akichelewa kupukuchua wote wamechelewa. La pili ni kwamba magunia sita yakishuka sokoni asubuhi moja, wanunuzi wanayaona, na bei inaanza kuteremka kabla turubai halijafunuliwa. Wanaofaulu kwa njia hii ni wale waliokwisha kupatana na mnunuzi kabla ya kupakia.

Mambo mengine hayaingii kirahisi kwenye hesabu. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kuendesha Phoenix yenye debe tatu. Mwenye safari ya kupitia mashineni, kisha Hospitali ya Kitete kumwona mgonjwa, kisha sokoni, anahitaji chombo cha kumsubiri au atembee. Mwanafunzi wa kike anayetoka shuleni jioni huchagua njia yenye watu hata kama ni ndefu.

Misafara ilipiga hesabu hizo hizo

Hesabu ya aina hii si ngeni Unyamwezi. Waarabu walipoanzisha makazi yao Kazeh katikati ya karne ya 19, Wanyamwezi walikuwa tayari wanasafiri hadi pwani. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee, na nyingine za kwake binafsi kama mkeka, chungu na chakula. Pembe za ndovu ziliteremka pwani, na nguo za merikani, shanga na nyaya zikapanda bara. Biashara hiyo ilikuwa na upande wake mchungu usiofichika, kwa kuwa kwenye njia hiyo hiyo watu pia walipelekwa utumwani.

Kwa nini mzigo ulibebwa na binadamu na si mnyama? Mbung'o. Misitu ya miombo inayoizunguka Tabora ilikuwa na mbung'o wengi, na punda walioingizwa kwenye misafara walikufa njiani. Kwa hiyo bega la mtu likawa ndilo gari la pekee, na kalenda ya shamba ikawa ratiba. Misafara ya Wanyamwezi iliondoka kiangazi baada ya mavuno, na wengi walitaka kurudi kabla ya msimu wa kulima. Mfanyabiashara wa pwani aliyetaka wapagazi wakati wa mvua alipata wachache, tena kwa bei ya juu. Ni sawasawa na yule mama wa karanga mwezi Januari.

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 na kufika Kazeh Novemba. Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alitoka Bagamoyo mapema mwaka 1871 na kuingia Unyanyembe mwezi Juni. Tofauti ya muda ilitokana na maradhi, mvua, wapagazi kutoroka, na hongo iliyodaiwa na watemi njiani, hasa Ugogo. Wafanyabiashara wadogo walijiunga na misafara mikubwa ili wapate ulinzi na kujadiliana hongo kwa pamoja, kama wanavyofanya leo wanaochangia kirikuu.

Njia ilifungwa pia. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Unyanyembe, na njia fupi ya kwenda Ujiji haikupitika. Stanley alizunguka upande wa kusini. Alifika Ujiji, lakini kwa gharama ya chakula na siku nyingi, na kwa wafanyabiashara waliokuwa na pembe Ujiji maana yake ilikuwa mali kukwama ghalani.

Kipande kilichoogopwa kuliko vyote kiliitwa Mgunda Mkali, kichaka kikavu kati ya Ugogo na Unyamwezi, ambapo maji yalikuwa ya shida na chakula hakikupatikana. Msafara ulikivuka kwa kukimbizana na kiu. Huko huko ndiko inakopita barabara ya Manyoni, Itigi, Chaya na Nyahua hadi Tabora. Na ni kipande hicho hicho kilichochelewa kupata lami: sehemu ya mwisho, Nyahua hadi Chaya yenye kilomita 85.4, ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Mei 2022. Kabla ya hapo, mabasi mengi ya Dar es Salaam yalizunguka Singida na Nzega. Mwaka uliofuata Serikali ikaruhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya zuio la miaka mingi. Mfanyabiashara aliyekuwa akilala njiani na nyanya zake sasa anaweza kuzifikisha zikiwa bado ngumu.

Waliopitwa na reli

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku. Umbali wa kilomita 840 kutoka Dar es Salaam hadi Tabora haukubadilika, ila gharama ya kupeleka kilo moja ilianguka, na mazao ambayo hakuna mpagazi angekubali kuyabeba kwa faida, kama karanga, yakaanza kusafiri. Mwaka 1928 tawi la Mwanza likakamilika na Tabora ikawa njia panda tena, safari hii ya chuma. Baadaye likaja tawi la Kaliua hadi Mpanda.

Faida hiyo haikumfikia kila mtu. Bagamoyo ilipoteza misafara yake kwa Dar es Salaam. Kilimatinde, kituo kikubwa cha misafara na baadaye cha utawala wa Kijerumani, ilibaki juu ya mlima wakati reli ikipita Saranda na Manyoni. Leo Manyoni ndiyo makao ya wilaya. Ujiji, soko lililojulikana hadi Ulaya, lilikuwa kilomita chache tu kutoka pale Wajerumani walipochagua kumalizia reli, na kilomita hizo chache zikaipa Kigoma bandari na kuiachia Ujiji historia. Hata Tabora yenyewe ilionja uchungu huo kabla treni haijafika: reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo ya Mwanza na Bukoba ilianza kuvuka ziwa kwenda huko na kutokea Mombasa, badala ya kuteremka kwa mabega ya Wanyamwezi.

Treni nayo ikaja kuchoka. Ilikodishwa kwa kampuni ya India mwaka 2007, na mkataba ukavunjika miaka michache baadaye. Mafuriko ya Desemba 2009 yalizoa tuta kati ya Kilosa na Gulwe, na kwa miezi kadhaa huduma kutoka Dar es Salaam ilikatika. Tumbaku ya Tabora, ambayo husindikwa Morogoro, ilizidi kuhamia kwenye malori. Lori likipeleka tumbaku lilirudi na mbolea au bidhaa za madukani, na mzigo wa kurudi ndio uliolipa lori ushindi dhidi ya behewa lisilojulikana litafika lini. Abiria wa daraja la tatu walioendelea kupanda treni walifanya hivyo kwa sababu inayoeleweka: nauli nafuu, na nafasi ya kikapu, kuku na gunia chini ya kiti.

Sasa inakuja reli ya kisasa. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma katikati ya mwaka 2024, safari ya chini ya saa nne, na wenye mabasi ya njia hiyo waliuona upungufu wa abiria mapema. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, ulisainiwa Desemba 2021. Vya Tabora hadi Isaka na Tabora hadi Kigoma vilifuata mwaka 2022.

Kwa mfanyabiashara mdogo maswali ya kuuliza mapema ni ya kawaida kabisa. Stesheni ya treni hiyo iko umbali gani na soko, na nauli ya bodaboda mpaka hapo ni kiasi gani? Begi linaruhusiwa uzito gani, na gunia la karanga litapandia wapi, behewa la abiria au la mizigo? Treni ya mizigo inapokea kuanzia tani ngapi, na je, chama cha msingi au kikundi cha wafuga nyuki kinaweza kukusanya kiasi hicho kwa siku moja? Anayewaza kukopa ili anunue pikipiki au afungue mgahawa karibu na stendi ya mabasi angeuliza hayo kabla ya kuweka saini.

Swali hilo ni gumu zaidi kwa wanaoishi kwenye stesheni ndogo za reli ya zamani. Saranda inajulikana na kila msafiri wa Reli ya Kati kwa kuku wa kukaanga wanaopitishwa madirishani, na huko mbele, Itigi, Tura na Goweko, watu huleta asali, karanga na mayai ya kuchemsha kila wanaposikia honi. Wateja wao wote huletwa na treni inayosimama, tena inayosimama kwa muda wa kutosha mtu kutoa chenji.